Anza Kifaransa Chako Jikoni

Fungua kitabu chochote cha Kifaransa cha wanaoanza, na hutafika mbali kabla hujaingizwa ndani ya nyumba. Ina ngazi ya kupanda ghorofani, mashine ya kuoshea vyombo, oveni, na chumba cha kuwekea divai chini ya sakafu. Mwanafunzi wa Tabora anaikariri nyumba hiyo chumba kwa chumba, anafaulu jaribio lake, kisha jioni anarudi kwao Isevya au Ng'ambo, ambako anapokelewa na ndoo, jiko la mkaa, kinu, mkeka na chandarua. Hakuna hata kimoja alichofundishwa kukitaja. Likizo ikiisha, ile nyumba ya kitabuni imeshamtoka kichwani.

Ushauri wangu kwa yeyote anayetaka kuanza Kifaransa, awe wa shule, wa dukani au anayejisomea tu usiku, ni kuwaachia wenyewe nyumba hiyo. Jifunze kwa vyombo vya kwako. Na humo kwako usianze na orodha ya vitu, anza na kazi, kwa sababu neno lililofungwa kwenye kazi unayoirudia kila siku litarudiwa nayo, utake usitake.

Kuna atakayeuliza Kifaransa ni cha nini Tabora. Mji huu umekaa njiani tangu zamani. Misafara iliyopanda kutoka Bagamoyo ilipumzika hapa, enzi ambazo paliitwa Kazeh na Unyanyembe, kabla ya kugawanyika, hawa wakishika njia ya Ujiji na wale ya Karagwe na Buganda. Mapadre Weupe wa kwanza, wengi wao Wafaransa, walifika Septemba 1878 mizigo yao ikiwa mabegani mwa wapagazi, na Januari 1879 baadhi yao wakawa tayari Ujiji. Leo njia ileile ni reli na lami: Urambo, Kaliua, Uvinza, Kigoma, halafu maji, na ng'ambo ya maji ni Kalemie na Uvira za Kongo. Burundi na Rwanda ziliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kongo ikafuata 2022. Mwenye mchele wa Nzega au asali ya Sikonge akitafuta soko upande huo, anakwenda kwa majirani.

Ni kweli kwamba na Mkongo wa Uvira mtaelewana kwa Kiswahili. Chake kina ladha yake, ugali utausikia ukiitwa bugali Bukavu na bukari Lubumbashi, lakini mtaelewana. Kifaransa kinakungoja kwenye karatasi: risiti, fomu ya forodha, cheti cha hospitali, maandishi ya kwenye chupa ya dawa. Kwa hiyo lengo la kwanza liwe dogo na la kweli. Ujue kutaja unachokiuza, unachokila na unacholalia, na ujue kusoma kilichoandikwa juu yake.

Kisomo chenyewe kianze asubuhi. Unafagia uwanja: "Je balaie la cour." Unachota maji: "Je puise de l'eau." Unajaza ndoo: "Je remplis le seau." Unawasha mkaa: "J'allume le charbon." Unabandika sufuria: "Je pose la marmite sur le feu." Maji yanachemka: "L'eau bout," na hilo la mwisho linatamkwa "bu" tu, ile t ni ya kuandikwa. Unamimina unga, "Je verse la farine," unakoroga, "Je remue," na ugali ukiiva unasema "C'est cuit." Hapo umepata fagio (le balai), umepata ndoo, mkaa, sufuria, moto na unga, na kila kimoja kimekuja na kitendo chake. Sema kwa sauti. Anayesoma kimya Kifaransa hujifunza lugha nyingine kabisa, maana maandishi yake na matamshi yake hayapatani.

Jiko la mkaa ni "le brasero". Kitabu kitakupa "la cuisinière", ambayo ni jiko la umeme au la gesi, na kwa bahati mbaya ndilo jina la mpishi wa kike pia. Kinu ni "le mortier", mchi ni "le pilon", upawa ni "la louche", mkeka ni "la natte", kikapu ni "le panier", dumu ni "le bidon", chandarua ni "la moustiquaire". Maneno haya nimeyaweka hapa kwa sababu ndiyo yanayokosekana kwenye vitabu vya kawaida. Usiyakariri leo yote.

Tena usiyakariri kwa mafungu ya vitu vinavyofanana. Ni desturi ya walimu kumpa mtoto kijiko, uma, kisu na sahani kwa mkupuo, eti kwa kuwa vinakaa pamoja mezani. Waliochunguza namna watu wanavyojifunza msamiati waliona kwamba maneno ya kundi moja yakifundishwa pamoja huchanganyana kichwani: unalikumbuka "cuillère", unalikumbuka "fourchette", hujui lipi ni lipi. Chukua kijiko leo, mlango, chumvi na godoro. Uma uuchukue wiki ijayo. Matano au sita kwa siku yanatosha, na urudie ya jana kabla ya kuongeza mapya. Daftari liwe na nguzo mbili, Kiswahili kushoto, Kifaransa kulia. Funika upande wa kulia kwa kiganja, taja, fungua, hakikisha. Kusoma nguzo zote mbili juu chini mara kumi kunafariji, ila hakufundishi kitu, kwa kuwa akili haijalazimishwa kutafuta.

Wengi hushauriwa kubandika vikaratasi kwenye kabati, mlango na friji. Sina ugomvi navyo kwa siku tatu za mwanzo. Baada ya hapo jicho linavizoea na halivioni tena. Ukitaka kubandika, bandika sentensi pale kazi inapofanyika, karibu na kitasa cha mlango uandike "Je ferme la porte à clé," na Jumamosi ubandue uweke nyingine.

Sasa suala la "le" na "la", ambalo linawatesa watu kuliko inavyostahili. Kila jina la Kifaransa ni la kiume au la kike, hata kisu na ufunguo. Usitafute sababu. Mswahili hajawahi kumuuliza mtu kwa nini kiti kimevunjika lakini meza imevunjika, alikua anasikia tu, na ngeli zake ni nyingi kuliko hizo mbili. Lichukue jina pamoja na kitangulizi chake kana kwamba ni neno moja. Panapokuwa na irabu mwanzoni, au wakati mwingine h, "le" na "la" zote hufupishwa kuwa l', na hapo jinsia inajificha: l'assiette, l'huile, l'oreiller. Kwa hayo jifunze na "un" au "une": une assiette, une huile, un oreiller. Waliotutangulia huenda hawakujali hata kidogo mambo haya, na ushahidi tunao mezani. Neno letu "divai" ni "du vin" lililomezwa zima, kitangulizi na jina lake. Warundi nao wanaita serikali Leta, ambayo ni "l'État".

Zoezi zuri kuliko yote ninayoyajua la jinsia halihitaji kitabu. Katika kila nyumba kuna kitu kinatafutwa. "Où est la clé?" Ufunguo uko wapi? "Elle est sur la table." "Où est le couteau?" "Il est sous le lit." Waachie watoto wafiche na wewe utafute, kisha mbadilishane. "La" ikikuletea "elle" na "le" ikakuletea "il" mara nyingi za kutosha, ulimi unashika wenyewe. Mchezo huohuo unakufundisha sauti ngumu. "Sur" ni juu ya, "sous" ni chini ya. "Sous" hutamkwa "su" ya Kiswahili safi. "Sur" inataka utamke i huku midomo umeichongoa kama ya u. Anayezitamka sawa atamtuma mtu kuinama uvunguni kutafuta kisu kilicho mezani, na watoto watamsahihisha upesi kuliko mwalimu.

Sauti ya r ya Kifaransa haitoki kwenye ncha ya ulimi. Inatoka kooni, na Mswahili anayo jirani yake: gh ya "ghali" na "lugha", ile wanayoitamka sawasawa watu wa pwani na waliosoma madrasa. Anayesema "gali" na "luga" ajifunze kwanza gh, na r itamjia. Irabu za puani, kama mwisho wa "savon" na "pain", usizifunge kwa n kamili; pumzi ipite puani na ulimi usiguse kaakaa. Na herufi za mwisho mara nyingi ni bubu: "le lit", kitanda, ni "li", "le drap", shuka, ni "dra", "le riz", wali au mchele, ni "ri". Lakini jihadhari na s ya katikati. "Poisson", yenye s mbili, ni samaki. "Poison", yenye s moja inayotamkwa z, ni sumu. Mwenye kuuza migebuka aifanyie mazoezi tofauti hiyo kabla hajapanda boti.

Wanaojua Kiingereza wataona njia nyepesi: "table", "lampe", "fruit", "bouteille". Waitumie, ila kwa tahadhari. "Chair" ya Kifaransa ni mnofu, kiti ni "chaise". "Pain" ni mkate. "Four" ni oveni. "Coin" ni kona. "Raisin" ni zabibu mbichi, zile za Dodoma.

Kiswahili chenyewe kinakupa njia nyingine ambayo watu hawaitumii. Vitu vingi vilivyoingia Ulaya kupitia Waarabu vilifika huko na majina yake, na majina hayohayo yakashuka pwani yetu na kupanda hadi Kazeh. Sukari na "sucre", kahawa na "café", zafarani na "safran", sharubati na "sirop". Hata biringanya na "aubergine", zisizofanana kwa sura, zina babu mmoja wa Kiarabu. Sabuni na "savon" nazo ni ndugu, ingawa asili ya neno hilo ni Ulaya. Mfano wa kuangalia ni "tasse": inatoka palepale ilipotoka tasa yetu, lakini tasa ni chombo cha kunawia na "tasse" ni kikombe cha chai. Umwambie mgeni utamletea chai kwenye tasa uone.

Ukitoka uani, nenda kwenye miembe. Tabora haikosi mwembe, na mwembe unakufundisha kanuni. Sisi tunaweka m mbele ya tunda kupata mti: embe, mwembe, papai, mpapai. Wao wanaweka "ier" nyuma: la mangue, le manguier, la banane, le bananier, la goyave, le goyavier, le citron, le citronnier. Mti unakuwa wa kiume. Papai linakwepa kidogo, la papaye, le papayer, na chungwa vilevile, l'orange, l'oranger. Kwa mazao mengine: muhogo ni "le manioc", karanga ni "l'arachide", mahindi ni "le maïs", na maharage ni "les haricots", ambapo h ni bubu lakini inazuia maneno yasiunganishwe, kwa hiyo ni "le ariko", si "lezariko". Kwa michembe na matobolwa usitafute jina, sema "patates douces séchées", viazi vitamu vilivyokaushwa, na kwa matobolwa uongeze kwamba vilichemshwa kwanza: "bouillies puis séchées". Mfugaji wa nyuki ana msamiati wake mfupi: le miel ni asali, la ruche mzinga, l'abeille nyuki, la cire nta. Mji wenye chuo cha ufugaji nyuki usishindwe na maneno manne.

Bidhaa zinahitaji kipimo, na kipimo kina sarufi yake. Kitu kisichohesabika kinadai "du", "de la" au "de l'": du sucre, de la farine, de l'huile. Ukishataja kiasi, vyote vinarudi kwenye "de": un kilo de sucre, un sac de farine, un litre d'huile. Debe na kisado havina jina huko, tumia ndoo: un seau de maïs.

Na kwenye bei kuna mtego. Kitabu cha Paris kitakufundisha kwamba 70 ni "soixante-dix", yaani sitini na kumi, na 90 ni "quatre-vingt-dix", ishirini mara nne na kumi. Mkongo na Mrundi watakuambia "septante" na "nonante", kwa sababu Kifaransa chao kilikuja na Wabelgiji. 80 tu ndiyo inabaki "quatre-vingts" kwa wote. Wabelgiji hao Tabora inawajua. Majeshi yao kutoka Kongo yaliingia mjini tarehe 19 Septemba 1916, na kamanda wao, Charles Tombeur, baadaye alipewa ubaroni wenye jina la Tabora ndani yake. Milo nayo iko kama namba hizo. Paris, "le déjeuner" ni chakula cha mchana. Kwa Mbelgiji ni cha asubuhi, mchana ni "le dîner" na usiku "le souper". Ukialikwa "déjeuner" upande wa magharibi, uliza saa.

Vya kusomea tayari viko kwenye kabati lako. Makopo ya maziwa ya unga, dawa za mbu, sabuni za unga na karatasi zinazokunjwa ndani ya boksi za dawa mara nyingi huandikwa lugha zaidi ya moja, Kifaransa kikiwemo. "Mode d'emploi" ni maelekezo ya matumizi. "À consommer avant" ni tarehe ya mwisho ya kutumia. "Conserver au frais et au sec": hifadhi mahali pa ubaridi na pakavu. "Tenir hors de portée des enfants": weka mbali na watoto. Soma moja kila unapoosha kopo.

Sikio lako lilishe kwa redio. RFI ina taarifa ya habari ya kila siku kwa Kifaransa chepesi, na Radio Okapi ya Kongo inatangaza kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, kwa hiyo habari moja unaweza kuisikia mara mbili. Usitarajie kusikia upawa kwenye habari. Hapo unafuata mwendo wa sauti tu. Kamusi ya simu inatosha kwa siku nyingi. Anayependa mambo ya kale amtafute Charles Sacleux, padre Mfaransa, ambaye kamusi yake ya Kifaransa na Kiswahili ilichapwa Zanzibar mwaka 1891, na ile kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ikatoka Paris kuanzia 1939. Vyombo vya nyumbani vimejaa humo, ila ni vya pwani, na Kifaransa chake kimezeeka.

Watu ndio bora zaidi, na hawako mbali. Ulyankulu ilipokea Warundi waliokimbia mwaka 1972. Zaidi ya 160,000 kati ya waliokuja nchini enzi hizo wameshapewa uraia wa Tanzania. Miongoni mwa wazee wao wamo waliosoma kwa Kifaransa. Mwamkie mzee kwanza, kaa, ongea ya kuongea, kisha ndipo uulize: "Mzee, hiki shuleni kwenu mlikuwa mnakiitaje?" Ujue tu kwamba Kirundi kimebeba Kifaransa kwa namna yake: matela ni godoro, rido ni pazia, buji ni mshumaa. Ukiyasikia, yarudishe kwao kwanza, le matelas, le rideau, la bougie, ndipo uyaandike.

Baada ya majuma kadhaa jipime kwa chakula kimoja. Pika chakula cha jioni toka kuwasha mkaa hadi kuosha vyombo, ukitaja kwa Kifaransa kila unachoshika na kila unachofanya. Utakwama mahali, pengine kwenye mfuniko, pengine kwenye kumenya vitunguu, pengine ugali utaungua ukitafuta neno la mwiko. Usifungue kamusi katikati ya kazi. Andika kwa Kiswahili kila ulipokwama, maliza kupika, na orodha hiyo ndiyo somo la wiki inayofuata.